Tazama miguu ya mgeni kwanza

Mwaka wangu wa kwanza wa kutembeza watalii niliikariri Fort Jesus, ngome ya Mombasa, kama mtoto wa chuoni na juzuu yake. Wareno walianza kuijenga 1593, mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani wakaizingira 1696, wakaitwaa Desemba 1698. Siku moja nimefika hapo kwenye mzingiro, saa saba mchana, katikati ya uwanja, mzee mmoja akanikata kauli: mbona humwoni mke wangu? Bibi alikuwa ameketi chini, uso mwekundu kama pilipili, kiatu kimoja amekivua. Maji sikubeba. Nilibeba tarehe tu.

Tangu siku ile Ngomeni naingia asubuhi mapema, na jua likipanda tunashukia Mji wa Kale, kwenye vichochoro vyenye kivuli. Huku nikizungumza natazama miguu. Anayebadilisha mguu wa kusimamia kila mara amechoka, hata akicheka nawe. Hapo namwita muuza kahawa, atue dele lake, agonganishe vikombe, atoe na kashata. Dakika kumi barazani, kundi zima linafufuka.

Vyeti ni muhimu, sikatai. Fanya mtihani wa KPSGA, chama cha waongoza watalii Kenya, uanzie daraja la shaba kabla ya kuota fedha na dhahabu, uchukue leseni, usome huduma ya kwanza. Lakini hakuna mtihani utakaokufunza kumzuia mgeni kabla hajampiga picha mama aliyekaa mlangoni kwake. Wewe unamleta kwa saa mbili. Mama yule utapita mbele yake kesho, na keshokutwa. Mimi husalimia kwanza, naomba ruhusa kwa Kiswahili mbele ya mgeni. Akikataa, tunapita.

Ukiulizwa usilolijua, sema hujui. Waongo ni wengi mjini, na mgeni ana simu mkononi. Wapo hata wanaoulizwa kama Mapembe ya Moi Avenue, yale makubwa yaliyovuka barabara, ni ya ndovu kweli, nao wakaitikia! Ni alumini.

Na kama unapeleka watu mwambani, uliza manahodha, usitegemee saa ya jana: kujaa na kupwa kwa maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likianza kujaa halisubiri mtu amalize picha zake.

Siku hizi mkobani nina chupa mbili za maji. Moja nimeitia sukari na chumvi kidogo.