Mlio mwembamba unaosikika mchezo ukianza

Ndugu, umeeleza kwamba kompyuta yako ya michezo hutoa mlio mwembamba kama wa mbu kila mchezo unapoanza, na kwamba hunyamaza mara tu unapoufunga. Maelezo hayo yananielekeza kwenye koili (nyaya zilizoviringishwa) za kadi ya michoro, yaani kadi inayochora picha za skrini, zaidi kuliko kwenye feni, kwa sababu feni huongeza sauti polepole kadiri joto linavyopanda, ilhali koili hutetemeka papo hapo mkondo wa umeme unapobadilika kwa kasi. Ingia kwenye mipangilio ya mchezo, weka kikomo cha fremu (picha zinazochorwa kwenye skrini) 60 kwa sekunde, kisha usikilize. Mlio ukipungua au ukibadilika, chanzo ni koili za kadi au za pawa saplai (kifaa kinachoipa kompyuta umeme), na ingawa unakera, kwa kawaida si dalili ya ubovu.

Mlio usipobadilika, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, ufungue kasha na kuangalia kama kuna waya unaogusa mapanga ya feni. Ondoa vumbi kwa brashi laini huku ukiyashikilia mapanga yasizunguke. Pawa saplai yenyewe usiifungue kamwe, kwani kapasita zake (vijenzi vinavyotunza chaji) huweza kuhifadhi umeme hatari hata baada ya kuchomolewa.

Ukisikia mgoto wa kujirudia kutoka kwenye diski ya kuzunguka (diski kuu inayohifadhi mafaili), hilo ni jambo zito zaidi, kwani diski huenda inakaribia kuharibika: nakili mafaili yako kwenye diski nyingine kwanza, ndipo uendelee na uchunguzi mwingine wowote.