Mwanangu, nani atakuwa amesimama pale juu?

Mwanangu mpendwa,

Meseji yako niliisoma usiku, nikairudia tena asubuhi. Unauliza kama uende kwenye hayo mafungo ya porini, mchana kusali na kukaa kimya, halafu kushuka mwamba kwa kamba, na usiku mmoja kila mtu analala peke yake msituni. Unauliza kama hiyo ndo itakuwa dawa ya hofu iliyokuandama tangu ile ajali. Sasa mimi kabla sijafika huko kuna kitu kimenikaba na lazima nikitoe. Hujaniambia nani anaongoza. Umenieleza mwamba, msitu, ratiba ya sala, mpaka aina ya viatu, ila yule atakayekuwa amesimama pale juu wakati wewe magoti yanagongana, huyo hujamtaja kabisa.

Nauliza kwa sababu ya mama'ako. Unajua tulienda mafungo ya namna hii wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni, tukakuacha kwa bibi, ila sidhani kama umewahi kuyasikia yote, maana mama'ako hapendi kuyasimulia na mimi nikianza sauti inapanda.

Mwamba wenyewe haukuwa mrefu kihivyo. Unavaa ile mikanda ya kiunoni na mapajani, unafungwa kamba, kuna kamba ya pili ya usalama anaishika mtu mwingine, kisha unageuka unalipa bonde mgongo. Pale ndo penye kazi. Watu wanadhani kinachotisha ni kule chini, hapana, ni ile hatua ya kwanza ukingoni, maana inabidi ujilaze nyuma, uzito utoke kwenye nyayo uhamie kwenye kamba, na mwili mzima unakuambia simama wima, ng'ang'ania mwamba, na ukiutii ukasimama wima ndo miguu inateleza. Mama'ako alifika ukingoni, akageuka, akajilaza kidogo, akarudi. Akajaribu tena, akarudi. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni naiona kamba inavyotetemeka mikononi mwake. Na yule kiongozi, kijana mwenye filimbi shingoni, badala ya kumsogelea amsemeshe taratibu, akapaza sauti watu wote wasikie: "Dada, imani yako iko wapi?"

Imani yako iko wapi! Miaka yote hii na bado nikikumbuka damu inanichemka. Mama'ako hakumjibu. Aliomba afunguliwe, akaivua ile mikanda, akaikunja vizuri akaiweka chini, akaenda kukaa kivulini, na sisi wengine tukashuka mmoja mmoja tukipigiwa makofi.

Siku zote nawaambia, na najua umeshaichoka: mtu asisukumwe. Ukisukumwa hujaishinda hofu, umemtii tu aliyekusukuma, na kesho ukiwa peke yako hofu ni ile ile, imeongezewa aibu. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, mwaka 1924 aliandika jinsi alivyomsaidia mtoto mdogo anayemwita Peter aliyekuwa akiogopa sungura. Hakumtupia sungura mapajani. Mtoto anakula chakula anachokipenda, sungura yuko mbali kwenye kizimba, siku nyingine anasogezwa kidogo, na siku nyingine tena, kwa kadiri mtoto anavyoweza kuvumilia, mpaka akafika mahali anamshika mwenyewe. Karne nzima imepita na watu wanaotibu hofu bado wanaifuata njia hiyo, kidogo kidogo, na mwenye hofu ndo anasema leo tuishie hapa.

Ila hapo najibishana na nafsi yangu, na wewe ungenijibu hivi hivi maana bibi zako wote wawili walihakikisha unazijua hadithi za pande zote. Mtume Muhammad kule pango la Hira hakusogezewa kitu kidogo kidogo, Jibrili alimbana mpaka akaishiwa nguvu, akamwambia soma, akambana tena. Nabii Eliya naye alimkimbia malkia Yezebeli, akakaa chini ya mti akaomba afe, na bado alitembea siku 40 mpaka mlima Horebu akakutana na upepo wa kupasua miamba na tetemeko na moto. Kwa hiyo kuna kusukumwa kunakotoka juu, hilo sibishi. Lakini kijana mwenye filimbi si Jibrili. Halafu angalia kilichofuata, Mtume alirudi nyumbani anatetemeka, anasema nifunikeni, nifunikeni, na akafunikwa mpaka hofu ikamtoka, ndo akamsimulia mkewe Khadija, na Khadija akamwambia Mungu hatakuaibisha. Hakuna aliyemuuliza imani yako iko wapi. Na Eliya kabla ya kwenda popote alilala, akaamshwa akala, akalala tena, akaamshwa akala tena, malaika akisema safari hii ni kubwa mno kwako. Na huko mlimani Mungu hakuwa kwenye upepo wala tetemeko wala moto, ilikuja sauti ndogo ya utulivu, na baada yake swali tu: unafanya nini hapa, Eliya?

Hilo swali ningependa ulijibu kabla hujapaki begi. Unaenda kufanya nini kule? Kama ni kuwaonyesha watu umepona, hao watu wataondoka na wewe utarudi na usiku wako ule ule. Kama ni kukaa na Mungu na hiyo hofu yako mkiwa watatu, hilo ni jambo jingine kabisa.

Sijamaliza ya mama'ako. Usiku ukaingia, ule wa kila mtu peke yake, tukatawanywa msituni kila mtu na turubai lake na filimbi yake, mnaweza kusikiana ila hamwonani. Kwenye lile kundi kulikuwa na mzee mmoja mpole sana, alitufundisha kitu nimekishika mpaka leo: usiwashe tochi. Macho yanahitaji kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, ukiwasha mara moja tu unaanza upya, na kila kilicho nje ya mwanga kinazidi kuwa cheusi. Ukilazimika, tumia mwanga mwekundu hafifu, huo hauharibu sana. Mimi ile nusu saa ya kwanza nilisikia vitu vizito vinatembea, majani makavu yanavunjika karibu na kichwa changu, moyo nausikia masikioni, nikawa nashusha pumzi polepole, kuitoa ndefu kuliko kuivuta, maana hiyo ndo inayoupunguza moyo kasi. Baadaye vigogo vikaanza kuonekana, kimoja, kingine, na yule aliyekuwa anavunja majani nikamwona, panya, anaburuta jani kubwa kuliko yeye.

Kabla hata ya saa sita filimbi zikaanza kulia. Wengi wa walioomba kurudishwa kambini ni wale wale walioshuka mwamba kwa makofi, na siwasemi vibaya, urefu una watu wake na giza lina watu wake. Filimbi ya mama'ako haikulia. Alfajiri nilimkuta amekaa wima kwenye turubai lake anasali, tochi iko kwenye begi, hakuigusa usiku kucha. Kama kuna siku niliwahi kujivunia mtu mbele za Mungu ni ile.

Utasema sawa baba, lakini mwamba hakuushuka. Ni kweli, na hajawahi kuushuka. Na mimi nisikudanganye, ule mteremko ni moja ya furaha kubwa nilizowahi kuonja, pale katikati kamba imekubeba na umeacha kupigana nayo, unacheka peke yako. Ndo maana inaniuma. Nadhani kama yule mzee ndo angekuwa amesimama pale juu mchana ule, mama'ako angeshuka. Sina uhakika, ila nadhani hivyo.

Kwa hiyo waulize. Mtu akisema hapana pale ukingoni, wanamfanya nini? Mafundo na mikanda inakaguliwa na mtu wa pili au yule yule aliyefunga? Usiku nani yuko macho? Na waambie kuhusu ajali kabla hujafika. Kama bado unashtuka usingizini namna ile ya mwaka jana, ona kwanza daktari au mshauri, mwanangu, kamba haitibu hilo, na kwenda kwake si upungufu wa imani, nani akuambie hivyo nimsikie.

Ulimi unaniwasha kukuambia uende au usiende, na nimeahidi kutokufanya hivyo, wewe ni mtu mzima, na nikikuambia nenda nitakuwa nimekusukuma. Mama'ako nimemsomea yote haya. Anasema nimemkuza mno, usiku ule alikuwa amechoka tu, jambo ambalo nimelikataa. Na anasema uende. Mimi bado sijasema, nasubiri jina la huyo kiongozi.

Baba'ko