Mshahara mmoja Ujiji: jinsi ya kupunguza kukopa dukani

Pole sana, dada. Nimekuelewa: mume hana kazi, mnategemea mshahara wako, na ikifika tarehe 20 mnakopa dukani.

Unga wa robo robo na mafuta ya kupima ndivyo vinavyokumaliza. Mshahara ukitoka, nunua kwanza mahindi ukasage mwenyewe, maharage, na dumu la mawese.

Dagaa wanunue siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa taa wanapata kidogo, bei inapanda. Nenda mwalo wa Kibirizi, wavuvi wanakoshusha samaki, asubuhi na jirani mmoja au wawili, mgawane, kisha uwaanike wakauke kabisa. Ukiwahifadhi na unyevu wataoza, na hiyo hasara inauma. Mahindi nayo yakishika ukungu tupa, maana sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiishi kwa kupika.

Ila nakuomba sana, usiguse mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, hata iwe ya wiki moja! Deni likikuzidi, mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mikopo ya halmashauri, ile inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, haina riba, ila wanawake mnakopa kwa kikundi, kwa ajili ya biashara.