Kabla Hujaichua Hiyo Nundu ya Mguu

Kazi yangu ni kupaka hina maharusi hapa Tanga, kazi ya kukaa chini. Mguu wa kushoto nimeukunja juu ya mkeka, bi harusi kanyoosha mkono kwenye mto, na masaa manne matano yanapita sijainuka. Mwaka jana nikaona kwenye mfupa wa nje wa kifundo, mguu huohuo wa kushoto, kumeota kitu kama yai la kwale. Hakiumi. Ukikigusa kinabonyea.

Shangazi akaja na mafuta ya nazi yaliyochemshwa na vitunguu saumu. "Mishipa imejikunja tu hiyo, mwanangu, ikichuliwa itakaa." Nikachuliwa siku tatu. Siku ya nne nundu ilikuwa nyekundu, ya moto, hata sandali haivaliki. Shangazi nampenda, ila hapo tulikosea wote wawili.

Daktari aliniuliza nakaaje kazini. Nikakaa palepale sakafuni kumwonyesha, akacheka. Kumbe mfupa ukisuguana na sakafu kila siku, mwili hujitengenezea kifuko cha majimaji kati yake na ngozi, mfano wa mto. Hakukitoboa; alisema sindano inaweza kuingiza vijidudu, na maji hurudi usipoacha kukikalia. Akanipa dawa ya ule wekundu, nami nikanunua kigoda. Miezi miwili hivi, nundu ikanywea.

Tangu hapo wateja hunionyesha vifundo vyao kama vile nimesomea. Mimi huuliza kwanza: ni mguu mmoja au yote miwili?

Mama yangu ilikuwa yote miwili. Alianza vidonge vya presha, amlodipini, na jioni miguu inajaa. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Akataka kuviacha kimyakimya. Usifanye hivyo, rudi kwa aliyekuandikia. Mama alipunguziwa dozi, miguu ikapungua. Lakini alipimwa na mkojo pia, maana moyo, figo na ini navyo hujaza miguu. Mjamzito aliyevimba ghafla, kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu, aende siku hiyohiyo.

Mguu mmoja una mambo mengi zaidi. Ukiteguka ukashindwa kupiga hatua nne, au mfupa wa kifundo unauma ukibonyezwa, kapige eksirei. Kinundu kama gololi karibu na kiungo, leo kikubwa kesho kidogo, mara nyingi ni kifuko cha ute wa kiungo na hakina haraka. Kigumu kinachozidi kukua, kionyeshwe. Huku pwani tuna matende pia, yanayoletwa na mbu, kwa hiyo kingatiba ikipita mtaani imeze.

Ninaoogopa mimi ni mguu mmoja uliovimba hadi kwenye shavu la mguu, unauma, una joto, hasa baada ya kujifungua, upasuaji au safari ndefu. Huenda damu imeganda kwenye mshipa. Huo usiuchue hata kwa ncha ya kidole: bonge likichomoka hukimbilia mapafuni. Nenda hospitali, na pumzi ikibana, nenda hata usiku wa manane.

Kigoda nakitumia mpaka leo. Sasa wanaolalamika ni maharusi, mimi juu wao chini na mkono haunifikii, basi nimeongeza mto wa pili.