Maswali na majibu: Msianze kwa kumlaumu aliyegongwa

Siku ya kuwakumbuka waliokufa barabarani ni lini? (Area C)

Jumapili ya tatu ya Novemba, kila mwaka. Ilianzia Uingereza mwaka 1993, Umoja wa Mataifa ukaitambua 2005. Mwombeni mchungaji au imamu wenu awataje marehemu wa mtaa wenu kwa majina yao.

Mbona huwasemi waenda kwa miguu? Wanavuka ovyo, simu sikioni. (Dereva, Kisasa)

Swali hili naletewa kila mara, na kila mara anayeuliza yuko nyuma ya usukani. Nimeshalijibu, nalirudia.

Duniani watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa anatembea kwa miguu. Hao wote walikuwa na simu sikioni? Hapa Dodoma, Barabara ya Morogoro inakatiza kwenye makazi, Nzuguni hadi Ihumwa. Mama aliyeshushwa na daladala ng'ambo ya soko atavukia wapi, kama zebra iko mbali na jua la saa saba linamchoma na mzigo kichwani? Mwendo halali kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa. Ukikimbia 80, umbali wa breki ni mara nne ya ule wa 40, hata kama tairi ni mpya. Mtoto wa darasa la pili hawezi kukadiria hayo. Wewe mwenye leseni unaweza.

Mtu akikosea kuvuka, hastahili kufa. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016 magari yameongezeka, na barabara ikipanuliwa bila vivuko inawapa madereva hamu ya kukanyaga mafuta. Nanyi mnaowahi Mji wa Serikali, Mtumba, asubuhi na magari ya ofisi, nawasema pia. Gari lililosimama kwenye zebra halipitwi: mbele yake kuna mtu usiyemwona.

Tumechangishana tumwage matuta wenyewe. Tuombe kibali kwa nani? (Nkuhungu)

Msimwage. Tuta lisilo na kibao wala rangi litamrusha mwendesha bodaboda usiku, na mtakuwa mmeua mmoja mkimwokoa mwingine. Pitieni kwa mwenyekiti wa mtaa na diwani, barua iende TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kama ni barabara kuu, TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Andikeni mahali hasa, saa za hatari na waliokwisha kugongwa hapo. Msiombe tuta peke yake, ombeni na njia ya miguu. Dar es Salaam, mradi wa SARSAI wa shirika la Amend ulifanya hivyo kwenye shule: matuta, zebra, njia za pembeni. Ni kazi ya gharama ndogo, na ilipata tuzo ya kimataifa mwaka 2019. Shule za Dodoma zinasubiri nini?

Bodaboda anaruhusiwa kupita njia ya waenda kwa miguu kukiwa na foleni? (Majengo)

Haruhusiwi.

Kaka yetu aligongwa akafa. Mwenye gari ametoa hela ya mazishi, anataka tuyamalize kifamilia. (Kibaigwa)

Poleni sana. Rambirambi pokeeni, ila msisaini karatasi yoyote inayosema hamna madai. Sheria inalitaka kila gari liwe na bima, angalau ya mtu wa tatu, na mtu wa tatu ndiye huyo kaka yenu. Fuatilieni polisi ripoti ya ajali na mchoro wake, namba ya gari na jina la kampuni ya bima. Chukueni cheti cha kifo, mteue msimamizi wa mirathi, athibitishwe mahakamani, ndipo muandike madai. Kampuni ikiwazungusha, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Jihadharini na watu wanaowafuata wafiwa mochwari wakiahidi kufuatilia malipo ili wapewe fungu.

Mkiyamalizia sebuleni, mahali alipogongwa hapataingia kwenye kumbukumbu zozote, na anayepanga zebra iwekwe wapi hatapajua. Watafuteni walioshuhudia leo, muandike majina na namba zao za simu.