Vumbi la Machimbo ya Mawe: Kikundi Chenu Kianze na Daftari

Katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi inayopakana na machimbo ya mawe, kama vile Njiru na Kayole, vumbi la kokoto huingia nyumbani hata madirisha yakiwa yamefungwa. Kikundi chetu cha kujitolea kilianzishwa kwa sababu hiyo, na majirani wa mitaa mingine hutuuliza waanzie wapi. Wengi hutarajia kuambiwa wanunue mafagio na miche. Mimi huwaambia wanunue daftari.

Usafi wa Jumamosi ni mzuri, na wanasiasa huupenda kwa ajili ya picha, lakini vumbi hurudi Jumatatu mashine za kusaga kokoto zinapowashwa. Kinachomsumbua mwenye machimbo ni kumbukumbu zilizoandikwa vizuri: tarehe, saa ambayo mawe yalilipuliwa kwa baruti, upande ambao upepo ulikuwa ukivuma, malori yaliyopita bila turubai, siku ambazo barabara haikumwagiwa maji, na picha zinazopigwa kila mara kutoka mahali pale pale. Sisi huandika kwa zamu, na kila mwandishi hutia sahihi. Andikeni pia siku ambazo hali ilikuwa nzuri, kwa maana daftari lenye malalamiko matupu hutiliwa shaka.

Wanaoijua hali hiyo kuliko wote ni wafanyakazi wa machimbo, na hapa ndipo vikundi vingi huharibu mambo. Mfanyakazi akisikia kwamba mnataka machimbo yafungwe, atawaona kuwa maadui wa unga wa watoto wake, na ana haki. Tulieleza tangu mwanzo kwamba tunachodai ni maji ya kunyunyizia mashine na barabara. Chembe ndogo kabisa za mawe yenye silika ya fuwele (madini yaliyomo katika mawe mengi) hutua ndani ya mapafu na zinaweza kusababisha silikosisi, ugonjwa usio na tiba ambao pia huongeza hatari ya kupata kifua kikuu. Barakoa ya kitambaa haimkingi mtu ipasavyo dhidi ya chembe hizo, ilhali maji yanayonyunyiziwa pale jiwe linapovunjwa hupunguza sana vumbi linalopaa. Dai hilo, kwa hiyo, ni la mfanyakazi kabla ya kuwa la jirani.

Sheria iko upande wenu zaidi ya mnavyodhani. Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au madhara. Kabla ya kufika huko, tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 kuiomba NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, nakala za leseni na ripoti za ukaguzi wa mazingira. Kwa kawaida afisa hutakiwa kujibu ndani ya siku 21, kwa hiyo pelekeni barua kwa mkono na nakala yenu igongwe muhuri wenye tarehe. Bila muhuri huo mtabishana kuhusu siku iliyopokewa.

Barua hiyo iulize pia juu ya mashimo yaliyochimbwa yakaachwa. Jaa la Dandora lilianzishwa miaka ya 1970 katika machimbo ya zamani, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na taka ziliendelea kumwagwa humo. Ulizeni ni nani atakayelifukia shimo la mtaani kwenu, na lini, kabla lori la kwanza la taka halijafika.