Uliza Fundi wa Nzi: Kipete kipi kinafaa lida ya kujifungia nyumbani?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana ninayewaongoza wageni kuvua samaki wa trauti kwa nzi wa bandia katika mito ya Sagana na Thego. Lida za dukani, yaani ule uzi wa kati ya mshipi na nzi, ni ghali, tena kila nikibadilisha nzi nakata kipande, na baada ya muda mfupi nakuta nafunga nzi kwenye sehemu nene. Sasa nimeanza kujifungia zangu kwa nailoni ya kawaida. Mgeni mmoja aliniachia vipete vya chuma vya saizi tatu, milimita 1.5, 2 na 3, akasema hukaa kati ya lida na tipeti, kile kipande chembamba cha mwisho. Nitumie saizi gani? Nikifunge wapi? Na je, samaki hawatakiona? *Msomaji, Kiganjo*

JIBU: Marahaba mwanangu. Chukua cha milimita 2. Kifunge pale uzi wako unapofikia unene wa milimita 0.25, kisha kwenye kipete hichohicho funga tipeti ya 0.18. Kwa mito uliyoitaja na kwa nzi wa namba 12 hadi 16 (namba ikipanda, ndoana inakuwa ndogo), hiyo inatosha.

Lakini umeniuliza jambo ninalolipenda, kwa hiyo nivumilie nikupe na sababu.

Wasomaji ambao hawajawahi kuvua kwa nzi waelewe kwanza kwamba nzi wa bandia hana uzito wa kumrusha. Kinachorushwa ni mshipi mnene, na lida ndiyo inayopokea nguvu ya mshipi na kuifikisha kwa nzi polepole, ikipungua unene hatua kwa hatua. Tipeti ni kile kipande chembamba cha mwisho. Lida ikipungua unene ghafla, nguvu inakatikia njiani na nzi anaanguka kama jiwe juu ya mafundo yake. Ikiwa nene hadi mwisho, nzi anapiga maji na samaki anakimbia. Nimefunga nzi kwa miaka mingi kwenye karakana, wengi wao wakisafirishwa Ulaya na Marekani, na najua kazi inayoingia kwenye nzi mmoja wa namba 16. Inaniuma kumwona anatupwa mtoni kwa lida mbovu.

Sasa kipete. Wengi hudhani swali la kujiuliza ni nguvu: kipi kitahimili? Kwa trauti hilo lisikusumbue. Tipeti ya 0.18 hukatika kwa kilo 2 au 3 hivi, na kipete kizuri cha milimita 2 kinahimili zaidi ya hapo mara kadhaa. Uzi utakatika, fundo litaachia, ndoana itanyooka, na kipete kitabaki kilivyo. Saizi huamuliwa na mambo mengine: nafasi iliyopo ndani ya tundu, uzito juu ya maji, na vidole vyako asubuhi ya baridi pale Kiganjo.

Cha milimita 2 kinapimwa kutoka ukingo mmoja wa nje hadi mwingine. Tundu lake linabaki milimita 1 tu hivi. Uzi wa 0.25 upande mmoja na wa 0.18 upande wa pili vinakaa humo bila kusongamana, na hata ukiongeza uzi wa tatu bado kuna nafasi. Ukijaribu kufunga humo nailoni ya 0.40 fundo linajaa tundu zima, na tipeti inabanwa upande mmoja badala ya kuvuta katikati. Hapo ndipo cha milimita 3 kina kazi, kwa nzi wakubwa wa kuzama na nyuzi nene. Kwa nzi wa kuelea sikipendi, kwa sababu kina chuma zaidi ya mara mbili ya kile cha 2 na kinavuta lida chini ya maji. Cha 1.5 ni chepesi kweli, na mtu mwenye macho makali anayevua kwa tipeti ya 0.12 kwenye maji yaliyotulia atakifurahia. Wewe unafanya kazi na wageni, pengine mvua inanyesha, mgeni anangoja na samaki wanaruka mbele yenu. Usijitese.

Lida yenyewe uifunge hivi, kuanzia kwenye mshipi: sentimita 80 za uzi wa 0.45, kisha 35 za 0.40, kisha 30 za 0.35, kisha 20 za 0.30, na 20 za 0.25. Hapo ndipo kipete. Baada yake, sentimita 60 za tipeti ya 0.18. Jumla ni sentimita 245, yaani futi nane hivi, urefu unaofaa mito yenye vichaka pande zote mbili. Ukipiga hesabu utaona sehemu nene imechukua karibu asilimia 60 ya urefu wote. Utakutana na wavuvi wanaotaja kanuni ya 60-20-20 ya mvuvi Charles Ritz: asilimia 60 sehemu nene, 20 ya kupunguza unene, 20 tipeti. Hii yetu inaikaribia, ila tipeti nimeirefusha kidogo ili uwe na cha kukata.

Angalia kwamba kila hatua inapungua 0.05 tu. Nyuzi mbili unazozizungushia fundo moja kwa nyingine hazitaki kutofautiana sana. Ile nyembamba huikata nene au kuteleza kutoka humo. Kwenye kipete sheria hiyo haipo, kwa sababu kila uzi unajishikilia kwenye chuma peke yake. Ndiyo maana tumeruka kutoka 0.25 hadi 0.18, na kesho ukitaka kushuka hadi 0.15 unaweza. Unaweza pia kuunga nailoni na florokaboni (aina nyingine ya uzi wa kuvulia) hapo, nyuzi mbili ambazo katika fundo moja mara nyingi hazipatani.

Faida kubwa kwako ni hii: lida inabaki na urefu wake. Unakata tipeti, unabadilisha tipeti, na zile sehemu tano za juu ulizozifunga kwa subira jana usiku haziguswi. Lida moja iliyotunzwa inakuchukua msimu mzima. Vile vipande vya nailoni unavyokata viweke mfukoni, tafadhali. Ndege wa mtoni hunaswa miguu navyo.

Kuhusu kukifunga, usikitoe kipete kwenye ile pini ya chuma vipete vinamotungwa kabla hujamaliza fundo la kwanza. Kikianguka kwenye majani ya Thego hukipati. Pitisha uzi wa 0.25 kwenye kipete cha mwisho kikiwa bado kiko kwenye pini, uzungushe kwenye wenyewe mara nne, rudisha ncha kwenye kile kitanzi kilicho karibu na chuma, kisha uipitishe tena kwenye kitanzi kikubwa ulichokiacha. Lowesha kwa mate. Vuta polepole hadi mizunguko ijipange bila kupandana. Sasa fungua pini ukitoe. Tipeti ifunge vivyo hivyo, ila mizunguko iwe mitano kwa sababu uzi ni mwembamba. Mate usiyasahau, maana nailoni ikisuguana ikiwa kavu inaungua kwa ndani, na hutaona kitu hadi samaki akuonyeshe.

Kabla ya yote hayo, pitisha kipande cha pamba kavu ndani na nje ya kila kipete. Nyuzi za pamba zikinasa, kipete hicho kina ukwaruzo. Kitupe, hata kama kimetoka kwenye pakiti ya bei gani. Ukwaruzo mdogo tu unatosha kula tipeti taratibu kwa kila mrusho.

Umeuliza kama samaki watakiona. Wataona, wakitazama. Trauti hutazama juu, na kitu kinachometa juani hakijifichi, kwa hiyo kati ya vipete vyeusi na vile vya kung'aa mimi huchukua vyeusi. Lakini kiko sentimita 60 kutoka kwa nzi, na kwenye maji yanayokimbia juu ya mawe umbali huo unatosha. Pakiwa pametulia na maji ni kama kioo, refusha tipeti hadi sentimita 90. Ningefanya hivyo kila mara kwenye Mto Gura kule Aberdare. Huko ndiko mlowezi Ewart Grogan alikopeleka trauti wa kahawia mwaka 1905, na trauti wa kahawia ana hofu kuliko huyu wa rangi ya upinde wa mvua uliyemzoea. Kwa nzi wa kuelea, paka mafuta ya lida kwenye ule uzi wa 0.25 hadi karibu na kipete, uache tipeti bila mafuta. Lida itaelea na kipete kitabebwa.

Jambo moja la mwisho kwako: kipete kisiingie kamwe kwenye vitanzi vya fimbo, vile mshipi unamopita. Kikiingia kwenye kile cha ncha kinakwama, na samaki akikurupuka wakati huo utampoteza. Ukihama kutoka bwawa hadi bwawa usivute lida yote kwenye rili, lile gurudumu la kukunjia mshipi. Zungusha lida nyuma ya rili, rudisha nzi juu umnase kwenye kitanzi cha katikati ya fimbo, kisha kaza mshipi. Wafundishe na wageni wako, maana wao ndio huvuta hadi mwisho.

SWALI: Mama, vipete hivyo havipatikani hapa kwetu. Naweza kutumia vile vya kuungia mikufu na hereni kutoka maduka ya shanga? Vinafanana kabisa. *Msomaji, Nanyuki*

JIBU: Hapana. Chukua kimoja ukikague kwenye mwanga na utaona mahali ncha mbili zinapokutana. Hazijaunganishwa, zimesogezwa tu. Uzi wa 0.18 unapita kwenye mwanya ambao jicho halioni, na ukipita umeachia. Hata ukikaza kwa koleo, ncha zile zina makali. Vile vya mizunguko miwili kama pete ya funguo ni vibaya zaidi, kwa sababu uzi unaingia katikati na kukatwa. Unataka kipete kisicho na kiungo chochote. Kama huna, funga kitanzi kidogo mwishoni mwa uzi wa 0.25 na kingine kwenye tipeti, uvipitishe kimoja ndani ya kingine. Kitanzi kinashika uchafu wa maji kuliko kipete, lakini hakitakuangusha. Na vile vizunguko vya kuzuia uzi usijisokote vinavyouzwa Mombasa kwa wavuvi wa baharini, waachie wao. Ni vizito mno kwa nzi wa namba 14.

SWALI: Nimeona watu wakifunga nzi wawili kwenye kipete kimoja. Inafaa? *Msomaji, Nyeri*

JIBU: Inafaa sana kwa nzi wa kuzama. Acha tipeti yako kama kawaida na nzi mzito mwishoni, kisha kwenye kipete hichohicho funga kipande cha pili cha sentimita 12 hadi 15 chenye nzi mwepesi. Kikizidi hapo kinajizungusha kwenye lida. Tumia uzi mgumu kidogo, tuseme 0.20, ili kisimame mbali na uzi mkuu. Kwenye mto wenye matawi yanayoinama juu ya maji baki na nzi mmoja, na kabla hujafunga wa pili hakikisha masharti ya leseni yako yanaruhusu nzi wawili.